Kugeuza VOB kuwa WebM: mistari ya kitana imeisha

Hatimaye! Video ya kipaimara cha dada, Moshi 2004, inatazamika. Ilikuwa VOB, yaani mafaili ya video ya DVD, nikataka WebM, aina ya faili la video la wavuti: picha imebanwa kwa VP9, sauti kwa Opus, hazina ada ya leseni.

Shida ilikuwa hii: mama akitulia na kitenge chake, picha safi, akirusha mkono kucheza, mkono unachanika mistari kama meno ya kitana. Nikaongeza bitireti (kiasi cha data kwa sekunde), faili likanenepa tu. Nikabadili programu ya kuchezea, wapi.

Kumbe kamera ile ilirekodi kila fremu kwa nusu mbili, mistari ya shufwa na ya witiri, kwa nyakati zinazopishana kidogo. Dawa yake ni yadif, kichujio kinachounda fremu nzima kutoka nusu hizo, ndani ya ffmpeg, programu ya kugeuza video kwa amri za maandishi. Nilikuwa nacho tangu mwanzo, ila nilikiweka baada ya kukuza picha! Ukikuza kwanza, nusu zile zinavurugika, hazitenganishiki tena.

Iliyokubali:

ffmpeg -i kipaimara.vob -vf yadif,scale=960:720 -c:v libvpx-vp9 -crf 30 -b:v 0 -c:a libopus kipaimara.webm

Yadif mbele, scale (kukuza picha) nyuma. Na -b:v 0 msiiruke, ndiyo inayoiachia crf (namba ya kupanga ubora) iamue ubora, si bitireti. Laptop yangu kuukuu ilikesha nayo. DVD sijaitupa.