Baiti mbili zilizonikesheza: nilivyojifunza kuita API za mfumo kwa RPG

Programu niliyoirithi pale benki ilikuwa na ujanja wa kizamani. Kila alfajiri iliendesha WRKACTJOB, amri inayoorodhesha kazi zinazoendelea kwenye mashine, ikaielekeza kwenye spuli (foleni ya vitu vya kuchapishwa) badala ya skrini, ikainakili spuli kwenye faili kwa CPYSPLF, kisha ikasoma mstari kwa mstari ikitafuta herufi MSGW kwenye safu fulani. MSGW ni kazi iliyosimama ikisubiri mtu ajibu ujumbe. Ikiiona, inamtumia opareta taarifa. Ilikwenda hivyo miaka mingi. Halafu mashine ikapandishwa toleo, safu za ile ripoti zikasogea, na programu ikawa inaandika "shwari" huku bachi ya riba, yaani kazi ya usiku ya kukokotoa riba, imekwama tangu saa nane usiku.

Ningeweza kubadilisha namba za safu nikaenda zangu nyumbani, ila toleo lijalo lingemtega mwingine palepale. Mashine ni ya ukoo wa AS/400, ambayo IBM iliitoa mwaka 1988, na leo mfumo wake unaitwa IBM i. RPG, lugha tunayoandikia programu zake, ni ya 1959, enzi za kadi za matundu. Inajua faili, rekodi na hesabu za fedha. Ukitaka kuuliza mfumo ni kazi gani zinaendelea sasa hivi, lugha haina neno la kuulizia. Unaita API, yaani programu ya mfumo iliyowekwa tayari ili programu yako iiombe huduma, na ya shughuli hii ni QUSLJOB.

QUSLJOB haikupi orodha mkononi. Inataka kwanza uiandalie *USRSPC, yaani kipande cha kumbukumbu chenye jina, itakamomwaga majibu. Hicho unakitengeneza kwa API nyingine, QUSCRTUS. Hapo nilikwama siku mbili.

Mwongozo unasema parameta ya ukubwa, yaani thamani unayoipa API, ni BINARY(4). Mimi, niliyefundwa na RPG ya mistari ya safu, nikaandika 4B 0. Ikakompaili bila kelele. Kuiendesha, API ikakataa ukubwa nilioomba. Nikapunguza, nikaongeza, nikabadilisha maktaba (mahali mfumo unapoweka vitu vyake), nikaikagua haki ya kila kitu. Mwisho nikampigia mzee mmoja mstaafu, aliyeanza na System/36, mashine ya IBM iliyotangulia AS/400.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeharibu nini?"

Nikamsomea mistari yangu. Akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, mwongozo unahesabu baiti, wewe unahesabu tarakimu."

Kumbe 4B 0 kwa RPG ni tarakimu nne, na tarakimu nne zinakaa kwenye baiti mbili tu. API haijui nimetangaza nini. Inapewa anwani, inasoma baiti nne kuanzia hapo. Nilipoomba 8192, ilichukua baiti zangu mbili na mbili nyingine za jirani. Hata kama za jirani zingekuwa sufuri tupu, namba ingesomeka zaidi ya milioni 536, na *USRSPC mwisho wake ni MB 16 hivi. Nikaandika int(10), ambayo ni baiti nne kamili, ikapita mara moja. Tangu siku hiyo, kabla sijaita API ngeni, nafungua QSYSINC, maktaba ambamo IBM imeweka tayari miundo ya data ya API, nanakili. Wenye kiburi cha kuandika wenyewe wanajua wanachokitafuta.

Kosa la pili lilikuwa dogo lakini la kuchekesha. Kichwa cha orodha kinakwambia data inaanzia umbali gani, na umbali huo unahesabiwa kuanzia 0. QUSRTVUS, niliyotumia kusoma, inahesabu kuanzia 1. Nilisahau kuongeza moja, kwa hiyo kila jina la kazi lilitanguliwa na kiherufi cha ajabu, na herufi ya mwisho ya kila sehemu ilihamia sehemu inayofuata. Ripoti nzima ilionekana kama imeandikwa na mlevi.

Kosa la tatu sikucheka. Nilikuwa nimechoka programu kufa kila API inapokosea, nikaongeza muundo wa hitilafu, kipande cha data ambamo API inaweza kuandika kosa lake. Sehemu yake ya kwanza unaijaza mwenyewe: ukiweka 0, kosa linaiangusha programu, ukiweka 16, kosa linaandikwa humo kimyakimya na programu inasonga mbele. Nikaweka 16, nikafurahia utulivu, wala sikuangalia kilichoandikwa. Wakati huohuo nilikuwa nimebadilisha jina la *USRSPC. Jina hilo ni herufi 20: kumi za kitu, kumi za maktaba, pengo linajazwa nafasi tupu. Mimi nikabandika KAZI na QTEMP pamoja kama jina la kijiji. API zote tatu zikashindwa mfululizo, idadi ya kazi ikabaki 0, na ripoti yangu mpya ikaandika "shwari". Neno lilelile la ile programu niliyokuwa nimeisema vibaya mbele ya wakubwa.

Niligundua kwa sababu tu nilitega. Niliingiza kwenye bachi programu ndogo yenye SNDUSRMSG, amri ya kutuma ujumbe, ya aina ya *INQ, yaani ujumbe unaosubiri jibu, ikasimama kwenye MSGW kama ilivyotakiwa, na ripoti haikuiona. Sasa baada ya kila wito nasoma sehemu ya pili ya muundo ule. Ikizidi 0, naandika namba ya kosa na kusimamisha kila kitu.

Kijana wetu mpya ameniuliza kwa nini sikutumia SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, maana kazi yake iitwayo ACTIVE_JOB_INFO inaleta orodha hiyohiyo kwa sentensi moja. Ana haki. Ningeanza leo ningefanya hivyo, na kwa shughuli kama hii simshauri mtu apite njia yangu. Yetu bado iko ileile, na ule mtego wa *INQ sijauondoa: kila Jumapili usiku unasimama kwenye MSGW, opareta anapata taarifa, anajibu G, anarudi kwenye chai yake.