Raba ya baiskeli haizuii maji ya usiku

Ile mipira iliyosukwa waya chini ya sinki, inayoleta maji kwenye koki, hapa Tanga kila mtu ana ushauri wake. Ikitoa jasho, kaza nati. Usihangaike kubadilisha, ni chuma hicho, kitakuzika. Na bingwa wa wote, fundi mmoja wa huku kwetu Sahare, akaniambia: "Bi mkubwa, usitupe hela. Hii naifunga raba ya baiskeli, utaisahau."

Mji huu raba za baiskeli si za kutafuta, kila banda la fundi zimening'inia. Akakata utepe mrefu, akauvuta mpaka ukawa mwembamba, akauzungusha tabaka juu ya tabaka, kisha akakaza na waya wa kufungia nondo, huku ananisimulia nyumba za Raskazone alizozinusuru kwa njia hiyohiyo. Alipomaliza, mpira umenenepa kama muhogo wa Muheza. Akafungua koki: kavu. Akapangusa mikono, akanywa chai yangu na maandazi, akaondoka na elfu kumi na kitu.

Sasa, alijaribu mchana. Mchana mtaa mzima tunachota, maji yanakuja kinyonge. Usiku watu wamelala, koki zimefungwa, msukumo unapanda. Alfajiri nateremsha mguu nikatie udhu, mguu ukatua majini. Kapeti limelewa, kiroba cha mchele kimevimba, ndala zinaelea kuelekea sebuleni. Nikamulika chini ya sinki: raba ipo palepale, haijalegea hata uzi! Mpira umepasuka shingoni, karibu na nati, pale alipoishia kufunga. Nyaya za hapo zilishaliwa, nikizigusa zinakatikia vidoleni na kuacha unga wa kutu. Nikampigia. "Lakini raba haijafunguka, mama, umeona?" Nilikata simu.

Ndani ya ule msuko kuna bomba laini tu la mpira, na waya ndio unaolizuia lisitutumke. Waya ukioza, bomba halina wa kulishika. Kwetu pwani hewa ina chumvi, na wengi tunaweka chupa ya jiki humohumo kabatini, mvuke wake wa klorini unatafuna hata chuma kisichoshika kutu. Jiki yangu siku hizi inakaa uani.

Dukani nako kuna mtaalamu wa sumaku. "Isiponasa, dada, hiyo ndiyo steinlesi yenyewe." Alumini nayo hainasi! Mimi naupima kwa mkono, wa alumini ni mwepesi mno, na waya wake ukiukwaruza kwa ncha ya ufunguo unachubuka mara moja. Ukikuta ulioandikwa 316, daraja la steinlesi, chukua, unastahimili chumvi kuliko 304. Mimi niliambulia 304, kila mmoja elfu kumi hivi, nikabadilisha yote pamoja na ya choo, ambayo mara nyingi nati yake ni ya plastiki na fundi akiikaza kwa spana mpaka ilie, kaipasua tayari. Mkono kwanza, spana robo mzunguko. Ile tepu nyeupe haina kazi kwenye nati yenye washa ya mpira.

Lakini mpira mpya nao utachoka, kwa hiyo nilichojivunia hasa ni hiki: maji ya bomba la mtaani hayaingii tena ndani ya nyumba. Yanaishia kwenye simtank uani, likijaa yanafungwa na boya, na ndani tunatumia ya tanki. Maji yakiwa juu mita 10 ndiyo unapata msukumo wa baa 1, na mnara wangu ni wa mita 3 tu, basi mipira inapumua. Na ikipasuka, maji yatatoka kwa msukumo mdogo kuliko wa mtaani, ingawa tanki likishuka boya litafunguka na kuendelea kulijaza. Nilishajaza ndoo ya lita 20 kwa maji ya mtaani usiku, haikufika dakika 2. Piga hesabu ya saa 6 za usingizi, unavuka lita 3,600.

Shemeji akaniuliza, na tukisafiri? Pale kwenye bomba linaloshuka kutoka tankini nimeweka koki, na ufunguo wa geti nautundika kwenye mpini wake. Hutoki bila kuufuata ufunguo, na ukishafika pale mkono unafunga wenyewe. Mume wangu ananung'unika kwamba anatembea uani usiku kwa ajili ya ufunguo. Atembee.

Ukienda kununua, beba ule wa zamani ukaulinganishe. Mfupi utauvuta mpaka shingo ichoke, mrefu utajikunja, na pale penye kunjo ndipo utakapopasukia. Kisha usiku wa kwanza zungushia kila nati karatasi ya chooni iliyo kavu. Yangu ya sinki la jikoni ililowa kidogo, nikaikaza nati kwa mkono kabla sijapika uji.