Presha ya haidroliki ilipopotea kwenye Massey Ferguson 135 yetu

Mwishoni mwa Februari, wakati kila mwenye shamba la tambarare kuanzia Kahe hadi Boma Ng'ombe anautazama Mlima Kilimanjaro akisubiri wingu la masika, trekta letu liligoma kunyanyua jembe. Halikugoma moja kwa moja. Asubuhi, oili ikiwa bado ya baridi, lilinyanyua jembe la sahani tatu kwa shida na kulishikilia. Kufikia saa nne mikono ya nyuma ya trekta inayobeba jembe ilipanda nusu, ikatetemeka, ikashuka. Na jua lilipokuwa utosini dereva alikuwa akifika mwisho wa mtaro na kuliburuza jembe ardhini ili ageuze. Jembe likifunguliwa, mikono mitupu ilipanda vizuri kana kwamba hakuna lililotokea.

Naandika haya kwa sababu matrekta ya aina hii, yaliyoanza kutengenezwa mwaka 1964 na yenye injini ya Perkins ya silinda tatu, bado yako mengi huku kwetu, na kila moja likipoteza nguvu ya kunyanyua hukumu huwa ni ileile: pampu imekwisha. Wakati mwingine ni kweli. Lakini presha haipotei hewani. Oili iliyosukumwa na pampu isipofika kwenye silinda ya kunyanyulia, basi imepita mahali pengine, na mahali hapo panaweza kutafutwa kabla ya kununua chochote.

Fundi niliyemwita kutoka mjini ni mzee anayeyajua matrekta haya tangu ujana wake. Nilimwamkia, akaitikia, akazunguka trekta mara moja, akapandisha na kushusha mikono mara tatu, kisha akasema: "Mangi, hii ni pampu. Tulifungue hapa katikati, tuitoe."

"Mzee, sikatai," nilimjibu, "ila kabla hatujaifikia pampu naomba tuangalie oili inakwenda wapi."

Alicheka, lakini akakubali, na ninamshukuru kwa hilo, kwa sababu kuifikia pampu ya trekta hili si kazi ya saa moja. Pampu haiko nje kama kwenye matrekta mapya. Imezama katika oili ndani ya mwili wa trekta, inazungushwa na shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye zana za nyuma, na oili inayoivuta ndiyo hiyohiyo inayolainisha giaboksi na difu, takribani lita 30 kwa jumla. Ndiyo maana oili ikipungua au ikichafuka, jembe ndilo la kwanza kulalamika, wakati gia bado zinaingia kama kawaida.

Tulianza na mambo ambayo ni aibu kuyasahau. Pembeni mwa kiti kuna nyenzo mbili: mmoja wa kupanga kimo cha mikono na mwingine wa kudhibiti mvuto wa jembe, yaani uzito linaovutwa nao udongoni. Mtu akitumia wenzo wa kimo huku wenzo wa mvuto ukiwa umesukumwa chini, mikono haitamtii hata kama pampu ni mpya. Wetu ulikuwa juu, mahali pake. Kisha nikamuuliza dereva kama hukanyaga klachi anaponyanyua jembe, kwa kuwa klachi ya trekta letu ina hatua mbili, na anayeikanyaga hadi mwisho huisimamisha PTO na pampu pamoja nayo. Alisema hapana, na nilikuwa nimemwona kwa macho yangu, kwa hiyo hilo nalo tukaliacha.

Kijiti cha kupimia oili, ambacho kiko kwenye kava la ubavuni upande wa kulia, kilitoka na oili ya kutosha lakini yenye rangi ya chai ya maziwa. Hayo yalikuwa maji. Trekta lililala nje chini ya mgrevilea mvua zote za vuli, na raba zinazofunika mashina ya gia zilikuwa zimepasuka, hivyo kila mvua iliyonyesha ilichuruzika ndani taratibu. Maji yakikaa humo huleta kutu, na kutu ikishika vali ya kudhibiti, vali hukwama. Nimeyaona matrekta yaliyosimama miaka miwili yakishindwa kunyanyua kwa sababu hiyo tu. Tulifungua vizibo vya chini, tukamwaga oili yote, tukasafisha chujio la pampu, tukafunga raba mpya na kujaza oili mpya ya trekta, ile inayofaa giaboksi na haidroliki kwa pamoja.

Siku iliyofuata jembe lilinyanyuka hadi saa tano badala ya saa nne.

Hapo ndipo tulipoanza kupima kwa uhakika. Kuna kipimo kisichohitaji chombo chochote: nyanyua jembe, zima injini, halafu tazama. Pampu ikiwa mbovu lakini njia zote za mbele yake ni nzima, jembe litapanda kwa shida lakini likishapanda litakaa, kwa sababu oili iliyoingia kwenye silinda imefungiwa humo. Jembe likishuka mara tu injini inapozimwa, oili inavuja kati ya pampu na silinda, au ndani ya silinda yenyewe, au inarudi kupitia vali. Letu lilikuwa chini kabla sijahesabu hadi ishirini. Mzee alilitazama, akalinyanyua tena, likashuka tena, na tangu wakati huo sikumsikia akiitaja pampu.

Kipimo cha pili kilihitaji geji ya presha inayofika psi 5,000 (psi ni ratili kwa inchi ya mraba), ambayo tuliiazima. Mbele ya kiti, upande wa kulia, juu ya kava kubwa la kunyanyulia, kuna kifuniko kidogo chenye tundu ambalo watu hulitumia kutolea oili ya kupandishia bodi ya tela. Geji hufungwa hapo. Wenzo wa kimo unaposukumwa kupita alama ya kusafirisha, pampu husukuma mfululizo hadi vali ya usalama ifunguke, na namba inayosomeka wakati huo ndiyo nguvu halisi ya mfumo. Usiushikilie hapo zaidi ya sekunde chache. Trekta lenye afya hupita psi 2,000. Letu lilisoma 1,900 likiwa baridi na 900 likiwa moto, na vali ya usalama haikutoa hata mlio. Oili ya moto ni nyepesi, na upenyo mwembamba ambao oili nzito inapita kwa shida huwa mlango wazi kwa oili nyepesi; tofauti hiyo ya asubuhi na mchana ilikuwa inatuambia tutafute ufa au sili, kizuizi cha oili kwenye maungio, iliyochoka.

Ili kuona kwa macho, tulipunguza oili hadi chini ya ukingo wa kava la ubavuni, tukalifungua kava hilo, tukamulika ndani kwa tochi. Naomba hapa msomaji awe mwangalifu kuliko tulivyokuwa vijana. Ndani ya tundu hilo kuna shafti inayozunguka, kwa hiyo mkono, shati lililolegea na kitambaa havina nafasi karibu yake injini ikiwaka. Oili yenye presha kubwa nayo hutoboa ngozi na kuingia mwilini, jeraha ambalo nje huonekana kama tundu la sindano lakini humpeleka mtu hospitali haraka. Mvujo hutafutwa kwa kipande cha boksi, si kwa kiganja. Na hakuna mtu anayekaa chini ya jembe lililonyanyuliwa kwa haidroliki inayochunguzwa.

Dereva aliwasha injini, akaiacha kwenye mlio wa chini, akanyanyua jembe. Kwenye bomba la wima linalotoa oili kwenye pampu na kuipeleka juu, pale linapoingia kwenye pampu, oili ilitoka imetanda kama feni, ikipiga ukuta wa ndani na kurudi chini. Mzee alisogeza tochi karibu na kusema kwa sauti ya chini, "Kumbe ni oringi," yaani pete ya mpira inayoziba maungio ya bomba.

Bomba hilo huchomolewa kwa juu baada ya kufungua kile kifuniko kidogo tulikofunga geji, bila kugusa kava kubwa. Oringi ya juu ilikuwa imekauka. Ya chini ilikuwa nyembamba kuliko nafasi yake na imekatika upande mmoja. Aliyefungua trekta kabla yetu alitia iliyokuwa karibu naye, si iliyotakiwa. Ni kosa ambalo mimi pia ningelifanya siku ya mvua nikiwa na haraka. Tulibeba bomba lenyewe hadi dukani mjini ili oringi zipimwe juu yake, tukazipaka oili na kulirudisha taratibu lisizikate tena.

Geji ilisoma 2,400 likiwa baridi na 2,300 likiwa moto, na safari hii vali ya usalama ilisikika ikifunguka. Tulimaliza kulima siku nne kabla ya mvua ya kwanza.

Halijapona lote. Jioni moja niliacha jembe likiwa sentimita 50 kutoka ardhini, na asubuhi nililikuta kwenye 31, ikimaanisha kwamba ringi za pistoni ya silinda nazo zimechoka kidogo. Nimeshazinunua, zimo kabatini. Kuzifunga kutahitaji kuondoa kiti na kulinyanyua lile kava kubwa kwa winchi ya mnyororo, kwa hiyo zitasubiri hadi mahindi yavunwe, na mpaka wakati huo dereva anajua kwamba trekta likilala, jembe linashushwa chini.