Mlango wa kulia wa Kirikuu

Julai ya 2019 fundi bomba mmoja wa Sakina alileta Kirikuu yake nyeupe, pikapu ndogo ya mizigo, kwenye kibanda chetu cha stika, Unga Limited, Arusha, akiwa na karatasi ya daftari iliyojaa pande zote mbili. Mlangoni alitaka jina la biashara, picha ya simtanki, bomba linalomwaga maji, Mlima Meru, mstari wa Zaburi, namba mbili za simu na orodha ya kazi zake. Niliihesabu orodha: kazi 14. Mlango wenyewe haufiki upana wa mita moja, na katikati una kitasa.

Sikubishana naye. Nilikata kwa plota, mashine yetu ya kukatia stika, herufi za sm 3 na nyingine za sm 10, nikazibandika kwenye ukuta wa ng'ambo ya barabara, mita kama 12 kutoka tulipokaa.

"Kaka, soma ile ya chini."

"Ya chini ipi?"

Hapo tukaelewana. Hesabu tunayoitumia ni kwamba kila sm 2.5 ya urefu wa herufi inasomeka vizuri kwa mita 3. Herufi ya sm 10 inakupa mita 12, ya sm 3 haikupi hata 4. Na hapo msomaji amesimama na gari limesimama. Gari likitembea, mtu anapata sekunde chache tu: atashika unafanya kazi gani na atashika namba. Mlangoni tukabakiza jina na FUNDI BOMBA. Namba moja, ile asiyoizima, tuliihamishia ubavuni mwa bodi, herufi za sm 15, zikachukua kama sm 115. Tuliiandika kwa mafungu ya tarakimu 4, 3 na 3, maana ndivyo watu wanavyozitaja namba zao kwa mdomo. Ukizibandika tarakimu 10 bila nafasi, msomaji anapotelea kwenye ya sita. Zaburi ilikwenda kioo cha nyuma cha kabini, na hilo hakukubali kujadiliana.

Rangi aliyoitaka ni nyekundu. Nikamshauri bluu iliyokolea, kwa kuwa nyekundu ndiyo hupauka mapema juani, na bluu juu ya nyeupe inaonekana hata jioni.

Nyuma palitupa shida ambayo sikuwa nimeiwaza. Bomba za PPR, zile za plastiki za maji, zina urefu wa mita 4, bodi ya Kirikuu haifiki hata mita 2. Siku ya kubeba mabomba mlango wa nyuma unashushwa, na kilichoandikwa pale kinaangalia lami. Tulikata kipande cha alumini, sm 20 kwa 90, tukakifunga kwa boliti 4 kwenye keria juu ya kabini, kikiangalia nyuma, na namba ikakaa huko.

Julai ya Arusha kila mtu anaijua. Asubuhi bati la gari ni baridi kuliko hewa yenyewe, na gundi ya stika haishiki vizuri kwenye bati lililo chini ya nyuzi 10. Ukilazimisha, inaonekana imekaa, halafu kesho pembe zinaanza kujikunja. Kwa hiyo tulianza saa 4, jua likiwa limepanda. Gari lilikuwa limeoshwa kwa sabuni jana yake, maana maji hujificha kwenye maungio na kwenye mipira ya vioo, ukibandika tu yanatoka. Sakafu tuliimwagia maji ili vumbi litulie. Vumbi letu la volkano ni jembamba, na chembe moja chini ya stika inaonekana kama kipele. Kisha spiriti na vitambaa viwili: kimoja cha kupaka, cha pili kikavu cha kufuta kabla spiriti haijakauka yenyewe. Ikikauka yenyewe, mafuta uliyoyayeyusha yanarudi kukaa palepale. Zaidi ni kwa magari yaliyopakwa polishi huko kwenye kuoshea.

Mlango wa kushoto ulikwenda kama nilivyotaka. Unapima, unashikiza karatasi nzima yenye herufi kwa maskintepu, unaweka tepu moja ya kusimama katikati iwe kama bawaba. Unabandua nusu ya karatasi ya nyuma, unaikata, unasugua kwa kibanzi cha plastiki chenye kitambaa ukingoni, kutoka katikati kwenda nje, kila msuguo ukipanda nusu ya uliotangulia. Unarudi nusu ya pili. Mwisho tepu ya juu, ile inayobeba herufi, inavutwa ikiwa imekunjwa kurudi nyuma kabisa, taratibu, sambamba na bati. Ukiivuta kuja kwako, inaondoka na herufi.

Kushoto ndiko nilikokupa uzito zaidi. Kwetu gari linatembea kushoto, kwa hiyo ubavu huo ndio unaoangalia wapita njia, maduka na watu walio kituoni. Wa kulia unaonwa na anayekupita au mnayepishana naye, tena kwa kasi.

Nilipoufungua mlango wa kulia ili nifute ukingo, nilisikia harufu ya thina. Niliisikia vizuri kabisa. Nikamuuliza, akasema uligongwa na bodaboda, gereji moja wameunyoosha na kuupuliza rangi.

"Lini?"

"Ijumaa. Lakini umekauka, shika uone."

Ilikuwa Jumatano. Niliushika, na kweli ulikuwa mkavu. Jumatatu alikuwa na kazi Njiro na alitaka gari liwe tayari. Nikabandika.

Rangi iliyopulizwa bila kuchomwa kwenye tanuri hukauka juu kwanza. Chini yake thina inaendelea kutoka polepole, na panapokuwa na puti nene, ule udongo wa kujazia bati lililobonyea, ndiyo inachelewa zaidi. Stika ni plastiki isiyopumua, ukiiweka juu umeziba mdomo. Jumapili alinipigia. Herufi za kulia zilikuwa zimeota malengelenge, ya mviringo, mengi, kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto. Nilitoboa machache kwa sindano, nikayasugua, yakalala. Baada ya saa mbili juani yalikuwa yamerudi. Hapo ndipo unapoyajua: hewa iliyobaki kwa kusugua vibaya huonekana siku ileile, ina umbo lolote, na ukiitoboa imekwisha. Yanayokuja siku ya tatu au ya nne na kurudi kila ukiyatoboa ni gesi ya rangi, na hakuna sindano itakayoyamaliza.

Tukabandua. Nilipasha moto kidogo kwa mashine ya hewa ya moto, hadi stika ikawa vuguvugu mkononi, nikaivuta polepole ikiwa imelala. Herufi mbili za kwanza zilitoka safi. Ya tatu, M ya BOMBA, ilipita juu ya puti, ikaja na rangi na praima yake, ile rangi ya chini, ikaacha M ya kijivu mlangoni. Nilisimama na ile herufi kwenye kidole, nyuma yake imebeba rangi, na bado inanuka.

Kuupuliza upya nililipia mimi. Safari hii nilikwenda mwenyewe gereji nikasimamia, rangi ichanganywe na hadina, dawa ya kuikaza, kisha nikamwambia asirudi kabla ya wiki 6. Aliporudi nilibandika kwanza kipande cha sm 10 kwa 10 pembeni ya mlango, nikakipasha moto, nikakiacha juani mpaka kesho yake. Hakikutoa hata lengelenge moja, ndipo nikaweka herufi.

Wiki zile zote alitembea na mlango wa kulia mtupu. Nilimuuliza kama simu zilipungua. Alisema hapana, waliopiga wengi walisema waliliona gari likiwa limeegeshwa. Ile M niliibandika ukutani juu ya plota, upande wa rangi ukiangalia nje, na akaniomba niitoe kwa sababu wateja wake nao huja pale. Nikaihamishia nyuma ya mlango.