Siku niliyotoa boksi la dawa
Mwaka 2019, miezi kumi na minane baada ya kupewa figo ya mdogo wangu, nilikaa kwenye benchi la zahanati moja ya Kadutu, hapa Bukavu, nikiwa nimepakata kitenge. Kanisani walikuwa wametangaza: akina mama waje wapimwe shingo ya kizazi bure, kila mmoja na kitenge cha kujifunika. Kitenge kilikuwa cha mdogo wangu. Mimi nilimsindikiza tu. Yeye alikuwa na miaka 34, ana mume na watoto. Mimi mume wangu alifariki 2011, na tangu hapo sijajuana na mwanamume. Kwangu mambo hayo niliona yamekwisha.

Muuguzi, mama wa makamo, alipita akiuliza kila mmoja wetu: miaka mingapi, umezaa mara ngapi, unameza dawa gani. Nikatoa boksi langu mkobani. Siachani nalo, maana ni saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, bila kukosa. Akasoma: takrolimasi, mikofenoleti. Akaniangalia.

"Mama, wewe ulipandikizwa?"

"Ndiyo. Figo. Kule India."

"Na tangu hapo nani amekupima kizazi?"

Hakuna. Kabla hatujapanda ndege kurudi walinifundisha mengi: maji yachemshwe, jua nijikinge nalo kwa sababu ya saratani ya ngozi, dawa nisiruke hata mara moja. Kuhusu kizazi, hata neno. Sidhani walinitakia mabaya. Figo ndiyo ilikuwa habari yote, hata kwangu mwenyewe. Lakini hadi leo linaniuma, kwamba wanawake wangapi wamerudi nyumbani na dawa zao bila kuambiwa.

"Basi wewe utaingia wa kwanza," akasema. "Tutakufuatilia kama tunavyowafuatilia wenye VVU."

Benchi zima likanyamaza. Uso wangu ukawaka moto. Mdogo wangu, ambaye huniita yaya, yaani dada mkubwa, akasimama: "Mama, yaya wangu hana ugonjwa huo!"

Muuguzi akatuingiza ndani sote wawili, akafunga mlango, akaomba radhi kwanza. Kisha akaeleza taratibu. Saratani ya shingo ya kizazi karibu zote huletwa na virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Watu wengi huvipata ujanani bila kujua, na mwili huvishinda au huvinyamazisha. Vinaweza kulala miaka na miaka. Sasa dawa zinazozuia mwili wangu usiikatae figo niliyopewa huilegeza kinga ileile iliyokuwa ikivilaza. Ndiyo maana akanilinganisha na wenye VVU: kinga imeshuka, ingawa sababu ni nyingine.

"Kwa hiyo si lazima niwe nimetoka na mwanamume sasa?" nikauliza. Aibu ile ndiyo iliyokuwa imenikaba.

"Mama, vinaweza kuwa vya tangu ulipoolewa."

Nikamwuliza na matiti, kwa kuwa shangazi yetu alikufa kwa saratani ya titi. Akasema matiti niyaangalie kama mwanamke yeyote wa umri wangu. Kwa waliopandikizwa, zinazozidi sana ni za ngozi na zile za virusi, hata za sehemu ya nje ya uke, ndiyo maana akanikagua na huko pia. Kisha akapaka siki kwenye shingo ya kizazi, akasubiri kidogo, maana penye chembe zilizobadilika hugeuka peupe. Akauona weupe.

Kipande walichokata kilileta majibu baada ya wiki tatu: chembe zimeanza kubadilika, bado si saratani. Waliziondoa kwa kitanzi cha waya wenye umeme, nikalala nyumbani siku hiyohiyo. Sasa naenda kila mwaka.

Siku ile ya siki, hata hivyo, hatukujua lolote. Niliposhuka kitandani, mdogo wangu alikuwa ameegemea ukuta, machozi yanamtoka.

"Yaya, ni figo yangu iliyokuletea hii?"

"Hapana. Ni dawa. Figo yako naisikia kila asubuhi nikienda kukojoa."

Akacheka huku analia. Nikafungua kitenge, nikamfunga kiunoni, maana muuguzi alikuwa ameshabadilisha glavu, anamsubiri.