Namba ya Mama

Usiku umeme ukikatika na feni ikanyamaza, moyo wa mama ulisikika hadi kwenye godoro langu. Tik, tik, tik, kama saa ya mkononi iliyoviringishwa kwenye kanga. Ilikuwa vali ya bandia, kilango cha kupitishia damu ndani ya moyo, sisi tukiiita ya chuma, aliyowekewa India mwaka 2011 baada ya ile ya kuzaliwa nayo kukakamaa. Madaktari walisema ilianza na mafindofindo ya utotoni ambayo hayakutibiwa, yakaleta homa ya baridi yabisi, na homa ile ikauharibu moyo taratibu bila mtu kujua.

Alirudi Morogoro na vali, kovu la kifua, na kidonge cha warfarini cha kumeza kila jioni maisha yake yote. Damu ikipita kwenye kitu cha bandia hutaka kuganda. Bonge dogo likinasa pale, vali inakwama. Likichomoka likapanda kichwani, ni kiharusi. Warfarini inazuia hayo. Tatizo lake haichagui mahali pa kuzuia. Ikizidi, mtu anavuja damu popote.

Kwa hiyo nyumba yetu iliishi kwa namba. Kipimo kinaitwa INR, kinaonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda: namba ikipanda, inachelewa zaidi. Mtu asiyetumia dawa hii anakuwa kwenye 1 hivi. Mama alitakiwa awe kati ya 2.5 na 3.5. Mwenye daftari nilikuwa mimi: tarehe, namba, dozi. Majirani walishamkataza mchicha, kisamvu na matembele, eti vinaua nguvu ya dawa, mpaka nesi wa kliniki alipomwambia, "Mama, kula mboga zako, ila kiasi kilekile kila wiki." Anayewapa shida, alisema, ni yule anayekula sufuria nzima leo kisha akae mwezi bila jani.

Juni 2014 nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, najiona daktari wa nyumba. Mama akaharisha siku mbili. Nikaenda duka la dawa nikanunua metronidazoli, maana kwetu tumbo likivuruga ndiyo hiyo. Muuzaji aliandika "2 x 3" kwenye kikaratasi akanirudishia chenji. Hakuniuliza kitu, na mimi sikumwambia kitu.

Siku ya nne mama alipiga mswaki, akatema, beseni likawa jekundu. Mkononi, pale anapopitishia kamba ya ndoo, palikuwa na doa la zambarau pana kama kiganja. Jioni damu ikaanza kutoka puani, haikatiki. Alfajiri tulikuwa kwenye basi la Dar, mama ameshikilia kanga puani, abiria wa jirani anamshauri ainamishe kichwa nyuma, mwingine anasema mbele.

Daktari aliyetupokea alikuwa kijana. "Shikamoo mama." Mama akaitikia marahaba kwa sauti ya pua iliyoziba. Daktari akapekua daftari langu.

"Kuna dawa nyingine ametumia?"

"Hapana."

"Yoyote?"

"Hapana, daktari. Ya tumbo tu."

Akaweka kalamu chini. Majibu yalipotoka yalisoma 8.6. Akanieleza kwamba ini ndilo linaloiondoa warfarini mwilini, na metronidazoli inalichelewesha ini kwenye kazi hiyo. Kidonge kilikuwa kilekile cha kila jioni, ila cha jana kilikuwa bado hakijaondoka cha leo kinaingia.

Mjomba alishafika na simu yake. "Hii dawa ni sumu ya panya! Nimesoma hapa." Wala hakukosea. Ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1948 kuulia panya, ikaruhusiwa kwa binadamu 1954, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower alipopata mshtuko wa moyo akapewa hiyohiyo. Mjomba alitaka iachwe kabisa. Mimi, kwa hatia niliyokuwa nayo, nilikuwa upande wake. Nilimwambia daktari ampe vitamini K, ile inayozima nguvu ya warfarini, ampe ya kutosha, damu ikome.

"Nikimpa ya kutosha unayotaka wewe," alisema, "warfarini inaweza kukataa kufanya kazi wiki nzima. Ile vali haiwezi kusubiri wiki."

Akavunja shingo ya ampuli ya miligramu 10, akavuta kwa sindano sehemu ya tano tu, akachomoa ncha, akamwambia mama afungue mdomo. Dawa ya sindano, ikanyweshwa. Mama akakunja uso. Nilibaki nikiiangalia ile ampuli kwenye sinia, karibu yote imebaki, nikijiuliza mtu anawezaje kuwa bahili siku kama hii. Jioni ile warfarini hakupewa.

Kabla ya kuondoka daktari aliniwekea masikioni kipimio chake cha kusikilizia moyo. Tik, tik, tik, kavu kabisa. "Ukisikia inafifia, kama imefunikwa na pamba, ita nesi, usingoje asubuhi." Mpaka saa ile nilikuwa naogopa damu inayotoka. Usiku ule nikakaa kwenye benchi naogopa damu inayoganda, sikio karibu na kifua cha mama, na wodi nzima inakohoa. Mara mbili nilimwita nesi bure. Mara ya pili hakuficha kuudhika kwake.

Asubuhi namba ilikuwa 4.1, kesho yake 3.2, na jioni hiyo kidonge kikarudi. Pua ilishakauka. Mjomba alikuwa amerudi Morogoro bila kuaga.

Tukisubiri karatasi za kuruhusiwa, nikachukua rula nikachora safu ya nne kwenye daftari, nikaandika juu yake: dawa nyingine. Mama akachungulia begani kwangu.

"Andika na tangawizi ya shangazi yako," akasema. "Huyu daktari ataiuliza."