Mpini wa mninga

Mwaka 2014 nilikuwa najifunza useremala kwenye karakana moja ya Keko, Dar es Salaam, kule ambako vitanda na makabati hupangwa nje mpaka karibu na lami. Kazi kubwa ya Mzee, fundi wangu, ilikuwa milango ya mkongo. Msimu ule ikaingia oda ya fremu za picha za kuchora za mtindo wa Tingatinga, zile za mraba wa sentimita 60 kwa 60, na Mzee akanikabidhi kona zote.

Kwenye fremu, kazi yenyewe iko kwenye kona. Kila fremu ina vipande 4, kila kipande kina ncha 2, na kila ncha lazima ikae digrii 45. Zidisha nusu digrii tu kwa kila ncha, kona tatu za kwanza zitafunga, ya nne itaachama kwa digrii 4 nzima, na hakuna gundi ya kuficha hilo. Msumeno wa mkono unakufikisha karibu. Kumalizia ni kwa randa.

Kwa hiyo tulikuwa na kile tulichokiita kibao cha fremu. Ni ubao mpana wenye kipande cha chini kinachong'ang'ania ukingo wa benchi, na juu yake kizuizi cha digrii 45. Unaegemeza ufito kwenye kizuizi, unalaza randa ya chuma ubavu, kisha unaisukuma ipite kwenye ncha ikichukua maranda membamba. Mzee alikitengeneza mwenyewe zamani, na pembe yake ilikuwa sahihi kabisa.

Tabu ilikuwa kwenye mkono. Randa yetu, ya saizi iitwayo namba 5, ikisimama kwa soli yake ina mpini mzuri. Ukiilaza ubavu, mpini unakwenda upande usiokufaa na unabaki kushika chuma kitupu. Ukingo wa randa ulinikandamiza chini ya kidole gumba. Mkono wa kushoto nao ulikaza kipande kisiteleze, kwa sababu kizuizi kilikuwa kimelainika kwa miaka ya kutumika. Usiku gumba na kidole cha shahada viliingia ganzi hata kushika kijiko ikawa taabu.

Nikamwambia, "Mzee, kibao hiki kinaniumiza."

"Mkono utazoea, mwanangu," akanijibu, wala hakuinua macho kwenye mlango wake.

Nilimheshimu na namheshimu hadi leo, lakini kwa hili sikukubaliana naye. Mkono ukichoka unatafuta nafuu: unainamisha randa kidogo, unalegeza kipande kidogo, na ile nusu digrii ndipo inapoingilia. Nilikuwa naiona kwenye fremu za jioni. Za asubuhi zilifunga, za jioni zilikuwa na mwanga kwenye kona.

Nilianza na kizuizi, maana ndicho chepesi. Nikakata ukanda wa msasa, nikaugandisha kwa gundi usoni pake. Tangu hapo ufito ulitulia wenyewe, na mkono wa kushoto ukawa na kazi ya kuelekeza tu. Kingo za kizuizi zilizokuwa kali nikaziviringisha kwa tupa, na njia ya randa nikaisugua kwa mshumaa.

Mpini ndio ulionichukua muda. Randa ilikuwa ya Mzee, na kutoboa chuma cha mtu ni jambo ambalo nisingelifanya. Nikaokota kipande cha mninga kwenye mabaki, kwa kuwa mninga unachongeka vizuri na hauchezicheza ukikauka. Chini yake nikapasua mfereji kwa msumeno, upana wa kutosha kuvaa ukuta wa ubavu wa randa, nikaufunika ndani kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, nikakaza kwa kabari. Sehemu ya juu nilichonga kidogo, nikashika, nikasukuma hewani, nikachonga tena. Mkono wangu ni mdogo, na ile ilikuwa mara ya kwanza nishike kifaa kilichoujua. Nilipopiga ncha ya kwanza, nguvu ilitoka begani ikaenda moja kwa moja kwenye ubao, kifundo cha mkono kikiwa kimenyooka. Maranda yakatoka marefu, bila kukatika. Nilifurahi mno.

Mzee aliisikia sauti ya randa imebadilika akaja. Akajaribu ncha moja, akaikagua kwa guni, kifaa cha kupimia pembe, akajaribu nyingine. Kisha akaniwekea mkono wake mbele ya macho. Viungo vya vidole vilikuwa vimevimba. Nilikuwa nimeviona kila siku nikadhani ni uzee tu.

"Huu wako mdogo," akasema. "Nichongee wangu."

Nilichukua pati ya kuzibia mbao, nikaifanya donge, nikamwomba alifumbate kama anayesukuma. Alama za vidole vyake zikabaki humo, nami nikazifuata kwenye kipande cha mkongo alichonichagulia mwenyewe. Wake ulitoka mnene, wenye shimo pana la gumba. Oda ya fremu ilitoka kwa wakati na kona zimefunga, na mpini ule Mzee akaanza kuutumia hata kwenye ncha za mbao za milango yake.